Presha ya mimba usiku wa manane: mwongozo kamili wa kumfikisha mama mikononi mwa daktari

Meseji ninazopokea kuhusu presha ya mimba, ile inayopanda wakati wa ujauzito na inayoweza kuleta kifafa, zinafanana mno. Mama aliumwa kichwa tangu jioni, akapewa Panadol, ikasemwa kesho asubuhi atapelekwa. Au alipelekwa usiku uleule, akakalishwa kwenye benchi la mapokezi, na kifafa kikamkuta pale pale. Hakuna aliyekosa huruma, na wengi nauli walikuwa nayo. Wanakwama katikati, kati ya kitanda cha nyumbani na mikono ya daktari.

Nami nilikwama hapohapo na mdogo wangu, mimba ikiwa ya wiki 34. Nitaeleza nikifika mahali pake.

Mwongozo huu ni wa msindikizaji: mume, dada, wifi, mama mkwe, jirani. Mjamzito naye ausome, ila usiku wenyewe ukifika usimtegemee akumbushe kitu.

## Vitu vya kuandaa

Viwekwe kwenye mkoba mmoja kuanzia mwezi wa sita wa mimba, na kila aliye nyumbani ajue mkoba unaning'inia wapi.

- Kadi ya kliniki. Ikitoka kwenda kliniki, irudi mkobani siku hiyohiyo.
- Daftari dogo na kalamu. Utaona kazi yake kuanzia hatua ya tano.
- Namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi: 115, madereva wawili wa bajaji au teksi wanaokubali kuamshwa, na jirani mwenye gari.
- Fedha kidogo taslimu, na nyingine kwenye simu ambayo namba yake ya siri inajulikana na mtu mwingine zaidi ya mjamzito.
- Kanga nne au tano, pedi, nguo za mtoto, kipande cha nailoni cha kutandika.
- Glavu. Huduma ya mjamzito katika vituo vya umma Tanzania ni bure kwa sera, lakini usiku si wakati wa kubishana kuhusu sera.
- Majina ya watu wawili wenye afya waliokubali kutoa damu.
- Ukiweza, mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko. Zile za kifundo cha mkono hudanganya kwa urahisi.

Namba 115 ni ya M-Mama, mfumo wa usafiri wa dharura nchini Tanzania, na kuipiga ni bure. Inahudumia wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42, na watoto wachanga wa siku 28 za kwanza. Anayepokea atakuuliza maswali kuhusu hali ya mgonjwa, kisha atatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana atampigia dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo wenyewe. Ukiwa nchi nyingine, tafuta namba ya dharura ya huko leo, usisubiri siku ya kuihitaji.

## Hatua ya 1: Soma kadi kabla ya siku ya hofu

Fungua kadi uangalie vitu vinne: umri wa mimba kwa wiki, presha ya kila hudhurio, majibu ya mkojo, na kundi la damu. Presha ya mimba huanza baada ya wiki 20, kwa hiyo namba za mwanzoni mwa mimba ndizo kipimo chako cha kulinganishia. Mama aliyekuwa 100/60 mwezi wa tatu, leo ana 135/88, bado hajafika kwenye mstari wa hatari, yaani 140/90, lakini anaelekea huko. Aongezewe mahudhurio.

Sehemu ya mkojo ikiwa tupu, muulize nesi: "Sista, mkojo haujapimwa protini, tunaweza kupima leo?" Ni kijiti tu kinachochovywa, majibu dakika chache.

Wa kuangaliwa zaidi ni mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, mwenye kisukari au presha ya zamani, na aliyewahi kupata tatizo hili. Ila wengine wasijione salama. Mdogo wangu hakuwa na kisukari, hakuwa na mapacha, na presha hakuwahi kuwa nayo.

## Hatua ya 2: Tambua kichwa ambacho si cha uchovu

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea, kwa sababu kila dalili ina jina la nyumbani lisilotisha.

Kichwa. Kinabana mbele au kinagonga, na hakiondoki. Ameshatumia paracetamol, ametulia saa nzima, bado kipo. Usimwongezee dawa nyingine, ondoka naye.

Macho. Anaona ukungu, vimulimuli, au vitu viwili viwili. Mdogo wangu aliuliza nani amewasha taa ya pili. Taa ilikuwa moja.

Maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia au chini ya chembe ya moyo. Hii ndiyo inayowapoteza wengi, kwa kuwa huitwa kiungulia au vidonda vya tumbo, na mama hupewa maziwa. Katika presha ya mimba, ini ndilo linalouma.

Kuvimba uso na mikono kwa ghafla. Miguu peke yake huvimba kwa wajawazito wengi, haitoshi kutisha. Pete isiyotoka leo wakati juzi ilitoka, au kope zilizofura asubuhi, hilo ni jambo jingine.

Mkojo kuwa kidogo, kupumua kwa shida, au kuchanganyikiwa. Ukiviona hivi, huna muda wa kuendelea kusoma.

Kama una mashine, mkalishe dakika tano akiegemeza mgongo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiongee. Rudia baada ya dakika kadhaa.

- 140/90 au zaidi mara mbili: hospitali leo, hata kama anacheka.
- 160/110 au zaidi: ondoka sasa.
- Namba nzuri lakini dalili zipo: ondoka vilevile. Mashine ya betri chovu isikuamulie uhai wa mtu.

Namba moja tu kati ya mbili ikivuka mstari inatosha. 138/96 ni presha.

Tahadhari. Usimpe dawa za presha za mama mkwe. Baadhi, kama losatani na kaptoprili, humdhuru mtoto tumboni. Usimpe diklofenaki. Usimpe mitishamba ya "kuharakisha uchungu." Na usimpe chumvi ya mezani chini ya ulimi eti arudishe nguvu, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Dalili nyingine ambazo safari yake ni hiihii: kutokwa damu ukeni hata bila maumivu, chupa kupasuka kabla ya wakati (angalia rangi, maji ya kijani ni onyo), homa kali, na mtoto kuacha kucheza kama alivyozoea. Kwa damu, weka pedi na uhesabu ngapi zimelowa. Asiruhusiwe mtu yeyote, hata mkunga wa mtaani, kuingiza kidole kuangalia njia. Kondo la nyuma likiwa limetangulia mbele, kidole hicho kinaweza kufungua bomba.

## Hatua ya 3: Amueni ndani ya robo saa

Mume yuko safarini, simu haipatikani. Mama mkwe anasema hata yeye alivimba hivyohivyo, akazaa salama. Shemeji anataka kwanza aombewe. Kila mmoja anangoja mwenzake aseme neno, na saa inasogea kutoka saa tano hadi saa nane.

Dawa yake ni makubaliano ya mapema. Kaeni chini mimba ikiwa changa, mseme wazi: ikionekana dalili yoyote kati ya zile, aliye naye ndiye mwamuzi, na hataulizwa kwa nini alitumia hela. Mume aliseme mwenyewe mbele ya mama yake. Ukiwa wifi au dada wa kambo, kauli hiyo ndiyo itakayokupa mdomo.

Mwenye kutaka kuomba, aombe njiani. Simkejeli mtu, nami niliomba, tena kwa sauti. Gari lilikuwa linatembea.

Umefaulu hatua hii ikiwa dakika 15 baada ya dalili kutambuliwa mtu mmoja anaongea na 115 au na dereva, na mwingine ameshika mkoba.

## Hatua ya 4: Njiani

Alale ubavu wa kushoto. Akilala chali, tumbo hulemea mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto naye hukosa damu ya kutosha. Kwenye bajaji, kaa wewe mwisho wa kiti, kichwa chake kiwe pajani pako, amegeukia kushoto. Bodaboda isiwe chaguo kama kuna kingine chochote. Akipatwa na kifafa akiwa amekaa nyuma ya pikipiki, ataanguka.

Asile wala asinywe kitu. Huenda akahitaji upasuaji, na tumbo lililojaa huleta hatari ya kutapika na kupaliwa akiwa kwenye nusukaputi.

### Akipatwa na kifafa njiani

1. Simamisha gari kama linayumba, mgeuze ubavu wa kushoto.
2. Ondoa vitu vigumu karibu na kichwa, weka kanga iliyokunjwa chini yake.
3. Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Ulimi haumezwi. Utamvunja meno au utamziba pumzi.
4. Usimkandamize mikono na miguu.
5. Angalia saa kilipoanza na kilipokoma.
6. Kikishaisha, futa mate na povu, mwache ubavuni, endeleeni na safari. Hatajua alipo, naye anaweza kukutukana. Usijibu.

Watakuwepo wa kusema ni mashetani, arudishwe nyumbani afukizwe ubani. Mjamzito wa zaidi ya wiki 20 akipata kifafa, ni kifafa cha mimba mpaka daktari aseme vingine.

## Hatua ya 5: Sentensi ya kwanza mapokezini

Sasa kosa langu. Tulifika hospitali saa nane na nusu usiku. Mlinzi akatuonyesha dirisha la mapokezi. Nikasema, kwa adabu zote nilizolelewa nazo: "Samahani dada, mdogo wangu anaumwa kichwa, ni mjamzito." Nikaambiwa tukae, tutaitwa. Tukakaa. Mbele yetu kulikuwa na kijana aliyekatwa na chupa, mtoto mwenye homa, na mzee wa pumu. Mdogo wangu alikuwa amejiinamia, amejifunika kanga kichwani kwa sababu mwanga ulimuumiza. Nikaona amelala, nikashukuru. Baada ya kama dakika 40 kanga ilianza kutikisika.

Sijawahi kumlaumu yule dada wa dirishani kama ninavyojilaumu mimi. Alipanga watu kwa alichosikia, na alichosikia kwangu ni kichwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama mimba imepita wiki 20, mlinzi ulizwe njia ya leba au wodi ya wazazi. Katika hospitali nyingi mjamzito wa dharura hupokelewa huko moja kwa moja. Ukimkuta nesi, sema hivi, kwa mpangilio huu:

"Sista, ni mjamzito wa wiki 34. Ana kichwa kikali tangu jioni, anaona ukungu. Nahofia kifafa cha mimba. Naomba apimwe presha sasa hivi."

Wiki, dalili, jina la hatari, ombi. Maneno "kifafa cha mimba" yana uzito kwa mhudumu yeyote wa afya. Kama mmepima nyumbani, taja namba. Kama alishapata kifafa, hilo liwe neno la kwanza kabisa: "Amepata kifafa njiani, saa nane na dakika kumi, dakika mbili."

Salamu ziwe fupi. Usigombane, usirekodi video. Ukiambiwa subiri, rudia sentensi ileile kwa utulivu, kisha omba kitu kimoja tu: presha. Kuifunga na kuisoma hakuzidi dakika mbili, na mashine ikishaonyesha 170/115 hutahitaji kubembeleza tena.

Umefaulu ukiwa na namba iliyoandikwa daftarini mwako na saa yake, mama yuko kitandani, na si kwenye benchi.

## Hatua ya 6: Yatakayofanyika kitandani, ili usiyazuie

Ndugu wengi huvuruga matibabu kwa hofu. Ukijua kinachokuja, utatulia.

Sindano ya magnesiamu. Ndiyo dawa ya kuzuia na kutibu kifafa cha mimba. Utaratibu unaotumika sana ni gramu 4 taratibu kwenye mshipa, kisha gramu 10 kwenye makalio, tano kila upande. Zile za makalio zinauma. Ile ya mshipa humfanya ahisi moto mwilini, uso unamwiva, anaweza kupiga kelele kuwa anaungua. Hapa ndipo ndugu humvamia nesi: "Mmemchoma nini?" Joto hilo linajulikana na hupita. Mshike mkono, mpepee kwa kanga.

Kabla ya kila dozi inayofuata, baada ya saa nne, nesi huangalia mambo matatu: goti linaruka likigongwa, anapumua angalau mara 16 kwa dakika, na mkojo umetoka angalau mililita 30 kwa saa. Dawa ikizidi, hivi ndivyo vinavyoanza kupotea, na ipo dawa ya kuirekebisha. Ukiona pumzi zinakuwa chache au anashindwa kuinua mkono, ita mtu papo hapo.

Mpira wa mkojo. Si wa kumdhalilisha, ni wa kuhesabia hizo mililita. Usimwage mkojo bila kumwonyesha nesi.

Dawa ya kushusha presha. Hushushwa kiasi, si ghafla, kwa sababu mtoto anategemea damu hiyo. Usishangae wakiridhika na 145/95.

Sindano za mapafu ya mtoto. Mimba ikiwa chini ya wiki 34 na hali ikiruhusu, mama huchomwa dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto.

Kuzalishwa. Dawa zote hizo zinanunua muda. Ugonjwa wenyewe unatokana na kondo, na huanza kuondoka kondo likitoka. Ndiyo maana daktari anaweza kusema mtoto atolewe leo, kwa uchungu wa kuanzishwa au kwa upasuaji, hata wiki hazijatimia. Mama akiwa na fahamu anaridhia mwenyewe. Wewe uliza maswali matatu tu: presha ngapi, mapigo ya moyo ya mtoto yakoje, damu ipo? Damu ikihitajika, wapigie wale wawili. Damu haiuzwi, anayekuomba hela ya chupa ya damu, mpeleke kwa mganga mfawidhi.

## Hatua ya 7: Mkipewa rufaa

Zahanati au kituo cha afya kinaweza kumwanzishia dawa kisha kumpeleka mbele. Usitoke bila karatasi yenye presha, dawa alizochomwa, kiasi, na saa alizochomwa. Hospitali ya mbele isipojua saa ya magnesiamu, inaweza kurudia mapema au kuchelewesha.

Nesi akiwa na haraka, nakili mwenyewe daftarini na umwombe asome. Muombe pia awapigie simu wanakokwenda, ili mkute kitanda. Usafiri huu nao unaombwa kupitia 115.

## Hatua ya 8: Amejifungua, bado hujamaliza

Ndugu hupumua mtoto akilia, wakaanza kupika uji na kupiga simu za pongezi. Lakini kifafa kinaweza kuja baada ya kuzaa, hasa siku chache za mwanzo, na hatari haijaisha kabisa mpaka wiki sita. Magnesiamu huendelea kwa saa 24 baada ya kujifungua au baada ya kifafa cha mwisho, kile kilichochelewa kutokea. Akiomba kuruhusiwa mapema kwa sababu ya mtoto mwingine nyumbani, kataa kwa niaba yake.

Nyumbani, presha ipimwe siku za mwanzo hata kama ni kwa kwenda zahanati ya jirani. Dawa alizopewa asiziache kwa kuwa "anajisikia vizuri." Kichwa, ukungu, maumivu ya mbavu: rudi hatua ya pili, na mapokezini sentensi inaanza hivi: "Amejifungua siku tano zilizopita." Bila hilo, atapangwa na wagonjwa wengine wa kichwa. Hadi siku ya 42, 115 bado ni yake.

Mtoto aliyezaliwa njiti atahitaji joto. Mpwa wangu alikuwa na kilo 1.9, akafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na mama aliposhindwa kuketi nilimfunga kifuani kwangu.

Kabla ya kutoka wodini, ombeni karatasi ya kuruhusiwa iandikwe wazi kuwa mama alipata kifafa cha mimba, wiki ya ngapi, na presha iliyokuwa juu kabisa. Mimba ijayo, karatasi hiyo ipelekwe kliniki mapema, ikiwezekana kabla ya wiki 12, kwa sababu daktari anaweza kumwanzishia aspirini ya dozi ndogo, na faida yake ni kubwa zaidi ikianza kabla ya wiki 16. Asijianzishie dukani.

Mdogo wangu amebeba tena mwaka huu. Karatasi ile ya zamani, iliyokunjika na kuchafuka chai, ameibana kwa pini ndani ya jalada la kadi mpya, ili nesi asiweze kufungua kadi bila kuigusa.